Chai tunaichuma, maneno ya kuionja wanayo wengine

JUMA lililopita nilitoka kwangu Ruiru nikaenda Thika kumwona daktari wa macho. Foleni ilikuwa ndefu ajabu, nikaona heri nitoke ninyooshe miguu. Hatua chache kutoka stendi ya matatu nikaitwa kwa sauti: “Prof! Prof!” Alikuwa kijana niliyemfundisha isimu miaka kumi hivi iliyopita. Siku hizi anauza majani chai kwenye kibanda chenye rafu mbili na meza moja. Majani yake si yale ya pakiti tunayoyajua, yaliyo kama changarawe nyeusi. Ni majani mazima, yamesokotwa yakawa kama vipande vya uzi, meusi, mengine yana ncha za rangi ya dhahabu. Yanatoka Gatundu Kaskazini, akaniambia, kwa watu wanaoyatengeneza kwa mikono kidogo kidogo.

Alichemsha maji, akasuuza buli la kioo kwa maji hayo ya moto, akayamwaga, akatia majani, akamimina maji mapya, akafunika na kutazama saa. Baada ya dakika nne akanimiminia kwenye kikombe cheupe. Maziwa hakuna, sukari hakuna.

“Onja, Prof. Unasikia nini?”

Nikapiga funda moja. Nikameza. Nikatafuta la kusema.

“Nasikia chai,” nikajibu.

Tulicheka sote, hata mama mmoja aliyekuwa amesimama pale akisubiri chenji. Lakini ndani ya matatu ya kurudi Ruiru kicheko kiliniishia. Mimi ni mtoto wa mchuma chai. Karo yangu ya sekondari ilitoka kwenye kikapu cha mgongoni mwa mama. Nimekula chaki ya Kiswahili kwa zaidi ya miaka thelathini, na nimesahihisha tasnifu ambazo waandishi wake wenyewe wamezisahau. Kisha nawekewa mbele yangu kikombe cha majani yaliyokua mwendo wa saa moja kutoka kitandani pangu, naulizwa nasikia nini, nakosa la kusema.

Hebu nianze na hilo neno la yule kijana, maana hakukosea. Katika Kiswahili tunasikia kwa masikio, lakini pia tunasikia harufu, tunasikia baridi, tunasikia njaa, na ladha nayo twaisikia. Kikuyu nacho kina kitenzi kimoja, kuigua, kinachobeba mambo hayo yote. Kwa hiyo lugha zetu hazikufunga mlango kati ya sikio na ulimi. Kama sikusikia kitu kwenye kile kikombe, kosa halikuwa la lugha. Nilikuwa sijafunzwa kusikiliza, na si mimi peke yangu.

Msomaji asiyeijua sehemu hii aelewe jambo moja. Mjini Thika hakuna chai shambani. Thika iko kwenye kimo cha mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, kuna joto, na ardhi yake ni ya mananasi na kahawa. Ruiru ni kahawa vilevile, au ilikuwa kahawa kabla ya mashamba kukatwa ploti. Kituo cha utafiti wa kahawa kiko huko, ndicho kilichotoa mbegu ya Ruiru 11 mwaka 1985. Lakini shika barabara ya kutoka Thika kwenda Gatukuyu, uipite, upande kuelekea Kamwangi na Mataara. Hewa inabadilika. Ukivuka mita 1,800 hivi, kahawa inaiachia chai nafasi, na mbele yako ni kijani kitupu kilichokatwa kwa usawa kama meza, hadi kwenye msitu wa Aberdare. Huko ndiko viliko viwanda kama Theta na Mataara, na upande wa Murang’a, Ngere kule Gatanga. Baridi ya huko humfanya mchai ukue polepole, na jani linalokua polepole hubeba manukato zaidi.

Wazee wa mama yangu hawakuikuta chai hapo. Miche ya kwanza nchini inatajwa kupandwa Limuru mwaka 1903, katika shamba la mlowezi kwa jina Caine. Pale pale Limuru, Arnold Butler McDonell wa Kiambethu akawa miongoni mwa wa kwanza kuitengeneza na kuiuza. Miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikaingia Kericho kwa mashamba makubwa. Mwafrika alikuwepo katika hadithi hiyo yote, ila kama mikono tu. Kuipanda kwake mwenyewe hakuruhusiwa, na hoja iliyotolewa ilikuwa ati ataharibu ubora.

Ilichukua vita vya Mau Mau kulegeza kamba. Majaribio ya wakulima wadogo yalianza Nyeri mwanzoni mwa miaka ya 1950, mpango wa Swynnerton ukayapa nguvu mwaka 1954, na mwaka 1957 kiwanda cha Ragati, Nyeri, kikaanza kusaga majani ya Waafrika. Mwaka 1960 ikaundwa mamlaka ya kusimamia mazao hayo, na mwaka 1964 ikazaliwa KTDA. Na ule ubora ambao Mwafrika angeuharibu? Chai ya wakulima wadogo ikaja kupata bei nzuri kuliko ya mashamba mengi makubwa, kwa sababu mama zetu walichuma kwa uangalifu: majani mawili na tumba, basi.

Hapa ndipo ninapotaka tuangalie lugha kwa makini. Majani mawili na tumba. Kuchuma. Kikapu. Kituo. Mizani. Risiti. Bonasi. Huo ndio msamiati wa chai niliokua nao nyumbani, na ni msamiati wa mikono na wa pesa. Mkulima alifundishwa kwa bidii nyingi namna ya kupanda, kupogoa na kuchuma. Majani yote alitakiwa kuyapeleka kiwandani. Hapo elimu yake ikakoma. Kilichotokea ng’ambo ya lango la kiwanda kilifika kijijini kama herufi: BP1, PF1, PD, D1. Hayo ni madaraja ya chai kwa ukubwa wa punje zake. Nimewasikia wazee wakizitaja herufi hizo vizuri kabisa kwenye mikutano ya wakulima. Sijamsikia mmoja akisema PF1 ina ladha gani.

Na nyumbani tulikunywa nini? Tulikunywa chai ya dukani, ya pakiti, iliyochemshwa kwenye sufuria pamoja na maziwa na sukari hadi ikapanda na kutishia kumwagika. Sitaki kuikejeli. Ni chai nzuri, nimeinywa leo asubuhi. Lakini ina historia yake. Mwaka 1930, huko Assam, India, William McKercher alibuni mashine yenye rola zenye meno inayoponda, kurarua na kuviringa majani. Inajulikana kwa herufi tatu, CTC. Jani lililopita humo hutoka kama punje ndogo ngumu. Punje hizo hutoa rangi haraka, hutoa nguvu haraka, na zinaweza kusimama mbele ya maziwa bila kupotea. Kenya ilipopanua viwanda vya wakulima wadogo, hiyo ndiyo njia iliyochaguliwa, na hadi leo karibu chai yetu yote ni ya CTC, ikisafirishwa zaidi kwa magunia ikachanganywe na za wengine huko iendako. Njia ya zamani ya kusokota jani zima bila kulirarua, iliyompa yule kijana wa Thika majani yake, imeanza kurudi kidogo, kwa mfano katika kiwanda cha Kangaita kule Kirinyaga.

Maziwa yakawa kipimo cha heshima. Chai isiyo na maziwa tuliiita strungi. Neno hilo tumelitohoa kutoka maneno ya Kiingereza yenye maana ya chai kali. Jina lilikuwa sifa! Lakini likifika bara kwetu likageuka kuwa hali ya mfuko. “Wanakunywa strungi” maana yake ng’ombe hakamwi, mwezi umewabana. Nakumbuka mgeni akibisha hodi jioni, mama akanituma kwa jirani na kikombe nikaombe maziwa, niingilie mlango wa nyuma. Mgeni kupewa strungi ilikuwa aibu ambayo ingesimuliwa kanisani. Basi niambie, msomaji, mtu ataionjaje chai yenyewe, tupu, ikiwa kuinywa tupu ni kutangaza umaskini?

Wenzetu wa Pwani hawana aibu hiyo. Wao husema chai ya rangi, au chai ya mkandaa. Mkandaa ni mti wa mikokoni, na gome lake jekundu hutumika kulainisha ngozi na kutia rangi. Aliyeipa chai jina hilo aliangalia rangi, bila shaka, lakini alipata zaidi ya alichokitafuta. Gome la mkandaa limejaa tanini, na ni vitu vya jamii hiyohiyo vinavyoipa chai ule mkamato wake mdomoni. Mkemia angehitaji ukurasa mzima kueleza alichosema mvuvi kwa neno moja.

Sasa twende kule maneno yanakokaa. Mnada wa chai ulianza Nairobi mwaka 1956 ukahamia Mombasa mwaka 1969. Kabla ya kila mnada, waonjaji wa madalali na wa wanunuzi hupanga vikombe vyeupe kwa safu ndefu. Kila kikombe hupimiwa chai ile ile kwa uzito ule ule, gramu 2.8 hivi. Kipimo hicho ni cha London ya zamani, ambako walitumia sarafu ya peni sita upande wa pili wa mizani. Maji yanayochemka humiminwa, dakika tano au sita hupita, chai huchujwa, na machicha yake huwekwa juu ya kifuniko yaonekane. Mwonjaji huteka kwa kijiko, huvuta kwa kishindo pamoja na hewa hadi chai ipande hadi puani kwa ndani, kisha hutema na kusonga mbele. Ni mamia ya vikombe kwa siku moja. Kila akitema, hutaja neno au mawili, na msaidizi huandika.

Maneno hayo ni ya Kiingereza cha London na Kolkata, yamezeeka na kung’arishwa kama kuta za msikiti wa kale. Yapo ya rangi ya machicha, yapo ya uzito wa chai mdomoni, yapo ya ule uchangamfu unaoushtua ulimi, yapo ya chai iliyolala, iliyoungua, iliyoshika moshi. Kwa maneno hayo dalali huikadiria bei kwa dola, senti kwa senti. Zidisha senti hizo kwa mamilioni ya kilo, urudi nazo mlimani hadi Mataara, ndipo utakapoikuta bonasi ya mama yangu.

Sasa angalia yaliyotokea. Mwaka 2021 iliwekwa bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo moja ya chai ya KTDA mnadani, kumkinga mkulima. Nia ilikuwa njema. Wanunuzi wakachukua chai walizoona zinastahili bei hiyo, nyingine zikarundikana maghalani Mombasa. Wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa wakauliza, kwa hasira na kwa haki, kwa nini wenzao wa mashariki wanapata bonasi kubwa kuwaliko, na ilhali kilo ni kilo. Sehemu kubwa ya jibu waliyopewa ilikuwa neno moja: ubora. Neno hilo lilirudiwa redioni, lilirudiwa bungeni, lilirudiwa barazani. Sikumsikia hata mmoja akilifungua lionekane lina nini ndani. Mkulima aliyeambiwa chai yake haina ubora hana namna ya kubisha wala kukubali, kwa sababu hajawahi kuwekewa vikombe viwili kando kwa kando, chake na cha jirani, akaulizwa anasikia nini.

Nimesema maneno hayo ni ya Kiingereza, mtu asije akadhani nasema Kiswahili hakina. Hilo ndilo lililonikera usiku ule baada ya kutoka Thika. Nilikaa mezani na kalamu, nikagundua kwamba maneno tunayo, tena mazuri, yametawanyika tu jikoni na sokoni bila mtu wa kuyaita pamoja.

Chukua ukakasi. Kila mtoto aliyeuma ndizi mbichi anaujua: meno yanakamatwa, ulimi unakuwa kama umevishwa kitambaa. Ukakasi si uchungu, na si ukali. Uchungu ni ladha, ukakasi ni mkamato unaoshika mdomo wote. Mwonjaji wa chai hutenganisha vitu hivyo viwili kila siku, maana ukakasi kiasi ndio unaoipa chai uhai, na uchungu mtupu ni dosari. Waingereza wenyewe huhangaika na neno refu la Kilatini hapo. Sisi tunalo fupi, na hata bibi wa sokoni Makongeni analitumia.

Chukua kukolea. Chai imekolea. Hapo umesema kila kitu: rangi imefika, ladha imefika, wala haijapita. Isiyokolea ni chapwa, kama mchuzi usio na chumvi. Iliyokaa ndani ya buli hadi ikakasirika tunaweza kusema imechacha, ingawa najua wapo watakaonipinga wakisema kuchacha ni kwa chakula kilicholala. Sawa, tubishane. Rangi ikiwa hai ni ng’avu, na machicha ya chai njema hung’aa kama shaba iliyosuguliwa. Ikififia, imefubaa, neno tulitumialo kwa nguo iliyofuliwa mara nyingi na kwa fedha isiyosuguliwa. Chai inayojaza mdomo ni nzito. Isiyojaza ni nyepesi, na wepesi huo unaweza kuwa sifa au lawama kutegemea unayemuuliza. Na lile tope la kahawia linalojitokeza chai kali ikipoa, kama aliyetia tone la maziwa? Wengi huimwaga wakidhani imeharibika. Kumbe ni dalili ya nguvu: kafeini na zile chembe za rangi zimeshikana baada ya kupoa. Nilikosa neno la hilo. Nimeandika “ukungu” kwa sasa.

Siku ya pili nilijaribu mwenyewe nyumbani, na majani niliyonunua kwa yule kijana. Nikaaibika tena. Chai ilitoka nyeusi kama wino hafifu, imefubaa, na juu ikatanda ngozi nyembamba. Nikampigia simu.

“Prof, unatumia maji gani?”

“Ya mfereji wa hapa kwetu.”

“Ya borehole?”

Hapo nikaelewa. Mitaa mingi ya Ruiru tunakunywa maji ya visima virefu, yana chumvichumvi, na birika langu limejaa magamba meupe ndani. Chai haiyapendi. Nikanunua mtungi wa maji laini nikarudia. Tofauti yake! Ilikuwa ni kama mtu mwingine ameingia chumbani.

Basi kwa anayetaka kujaribu, na awe ameshaachana na sufuria kwa dakika kumi tu: weka gramu mbili za majani kwa kila mililita 100 za maji. Kama huna mizani ya jikoni, ni kijiko cha chai kimoja kilichojaa, na kwa majani marefu yaliyosokotwa jaza viwili, maana huchukua nafasi kubwa na uzito mdogo. Pasha buli kwanza. Maji yawe yamechemka sasa hivi, yasiwe yamechemka tangu asubuhi. Hapa kuna jambo la kwetu. Vitabu vya Ulaya husema maji yawe nyuzi 100. Thika hayafiki huko hata uchochee moto namna gani. Kwa kimo hicho hutokota kwenye nyuzi 95 hivi, na Mataara chini ya hapo. Ndiyo maana mimi sipunguzi moto wala muda kama wafanyavyo wao. Nafunika buli, nasubiri dakika nne, wakati mwingine tano. Waonjaji wana kanuni yao ya kimataifa iliyochapishwa mwaka 1980 inayotaka dakika sita, lakini hiyo ni ya kukagua chai ili kasoro zijitokeze. Ni kama kumwangalia mtu chini ya taa ya hospitali. Kwa raha, nne zatosha.

Kisha chuja yote, usiyaache majani yaendelee kuloa. Tazama rangi kwenye kikombe cheupe. Nusa machicha yakingali na mvuke, maana hapo ndipo harufu husema kweli. Piga funda kwa kuvuta na hewa, kwa kelele. Najua tumelelewa kwamba kunywa hivyo ni utovu wa adabu, mama angenikata jicho. Fanya tu. Usimeze haraka. Sikiliza pembeni mwa ulimi, sikiliza kwenye fizi, subiri uone kinachobaki kooni. Ya kwangu, kwa mara ya kwanza katika miaka sitini na kitu ya kunywa chai, ilikuwa na kitu kama ngozi ya zabibu kavu, na mwishoni harufu ya nyasi zilizokatwa mvua ikitaka kunyesha. Nikaandika haraka kabla haijapotea.

Jumamosi nikapanda mlimani na lile buli, mtungi wa maji na pakiti ya gramu hamsini. Mama yangu ana miaka 86. Huniita Baba, kwa kuwa nilipewa jina la babake. Mikono yake imejipinda kwa baridi yabisi, kazi ya vidole vile vile viwili vilivyochuma tangu kabla sijaanza shule. Nikamwandalia barazani. Alitazama kikombe, akatafuta maziwa kwa macho.

“Maitu, hii inanywewa hivi hivi.”

“Kwani umefilisika, Baba?”

Nikamwambia majani yanatoka mgongo wa pili tu, ng’ambo ya mto. Akavuta funda, kwa kelele, bila mimi kumfundisha. Akanyamaza. Akavuta la pili.

“Inashika meno kama ndizi mbichi,” akasema kwa Kikuyu, “halafu inaachilia.”

Katika daftari langu nilikuwa na mistari miwili kuhusu ukakasi unaokuja na kuondoka, na tofauti yake na ukakasi unaong’ang’ania. Yeye ameimaliza kwa pumzi moja.

Akaniuliza ile pakiti ni pesa ngapi. Nikasema shilingi mia nne. Akauliza imetoka kwenye majani mabichi kiasi gani. Kilo moja ya chai kavu hutaka kilo nne na nusu hivi za majani mabichi, kwa hiyo gramu hamsini ni pungufu kidogo ya robo kilo. Akaunganisha viganja vyake, akavifanya kama bakuli.

“Hivi?”

“Hivi, Maitu.”

Malipo ya mwezi ya majani ya kiasi hicho, kwa bei anayoijua yeye, hayafiki shilingi saba. Tia bonasi ya mwisho wa mwaka, haifiki ishirini. Hakusema kitu. Alivitazama viganja vyake vitupu kwa muda, kisha akasogeza kikombe nikiongeze.

Nikamsomea orodha yangu ya maneno, nikimfasiria moja moja. Mengine aliyakubali kwa kichwa. “Chapwa” ilimchekesha. Nilipomaliza akasema nimesahau moja. Kulikuwa na siku, akasema, lori la kubeba majani lilichelewa, watu wakakaa kituoni hadi usiku na magunia yamebanwa. Ukifungua gunia asubuhi, katikati kuna joto kama la tumbo la ng’ombe, majani yamekuwa mekundu, na yanatoa harufu tamu, tamu ya kuchukiza, kama matunda yaliyoiva yakapitiliza. Karani akiinusa tu, ameyakataa, na kazi ya siku nzima imeishia pale chini ya mizani. Wachumaji wote wa rika lake wanaijua harufu hiyo hata gizani.

“Hiyo mnaiitaje kwa Kiswahili chenu cha chuo?” akauliza.

Sikuwa na jibu. Nimeiandika kama alivyoieleza. Msomaji mwenye neno lake, awe wa Gatundu, Kericho, Tukuyu au Amani, aniandikie kupitia safu hii, nami nitampelekea mama.